Nondo mwenye fuvu mgongoni

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafuga nyuki nje kidogo ya Arua, Uganda. Juzi nilifungua mzinga nikakuta nondo mkubwa kama kiganja, amekufa, kapakwa gundi ya nyuki mwili mzima. Mgongoni ana uso wa maiti! Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, nihamishe mizinga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mizinga iache ilipo. Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba huyo ni mwizi, si mchawi.

Wataalamu humwita Acherontia atropos. Ukimfuta ile gundi utaona mabawa ya mbele yana rangi ya gome kuukuu, ya nyuma manjano ya bizari yenye mistari miwili myeusi. Akiyatandaza hufika hata sentimita 13. Hilo fuvu ni vinyweleo tu, vimepangwa hivyo.

Anachofuata ni asali. Nondo wengine wana mrija mrefu wa kunyonyea maua. Wake ni mfupi, mnene, wa kutobolea sega. Usiku huingia mzingani akiwa na harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe, ndiyo maana mara nyingi hawamshtukii. Wako alishtukiwa. Wakamuua, na kwa kuwa hawakuweza kumburuta nje, wakamfunika gundi asiwaozee ndani. Punguza mlango wa mzinga uwe na kimo cha milimita 8 hivi: nyuki atapita, yeye na unene wake atabaki nje.

Kwao ni Afrika, Madagaska ikiwemo. Kila mwaka wengine huruka hadi Ulaya, hata Uingereza, ila baridi ya huko huwamaliza.

Viwavi wake hula majani ya viazi mviringo, biringanya na tumbaku, na huko kwenu tumbaku haikosekani. Niliwahi kumkuta mmoja kwenye biringanya zangu: manjano, mistari ya zambarau ubavuni, urefu kama sentimita 12, pembe iliyopinda mkiani. Nilipomgusa akagonga taya, tik tik tik. Wakishiba huchimba udongoni na kugeuka bundo humo, yaani hatua ya kati kabla ya kuwa nondo, kwa hiyo wavunaji wa viazi huwafukua bila kutarajia.

Na jambo moja mama mkwe asilijue kwa kushtukizwa: ukimshika nondo huyu akiwa hai, hulia kama panya, kwa kusukuma hewa kooni. Mimi nilipomsikia mara ya kwanza, utotoni, niliangusha taa ya mafuta ya baba.