Geti limezuia simu, kazi ya likizo iko WhatsApp

Swali la wiki hii: je, wanafunzi wa sekondari waruhusiwe kwenda shuleni na simu au vishikwambi vyao ili wasome mtandaoni? Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya kutwa huku Kilosa, na jibu langu ni hapana, wasiruhusiwe. Ila wengi wetu tunaosema hapana tunaishia getini, wakati kinachowaumiza watoto kiko nje ya geti.

Hoja za kuzuia mnazijua. Darasa lina wanafunzi 60, mmoja ana simu ya laki sita na jirani yake hana hata kikokotoo. Umeshapata matabaka mawili kabla hujaandika mada ubaoni. Ufaransa, pamoja na uwezo wake wote, ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na sekondari za chini. Ripoti ya UNESCO ya 2023 nayo ilionya kwamba simu darasani humtoa mwanafunzi kwenye somo. Kwa hiyo tukipekua mabegi, asije mtu akatuambia tumepitwa na wakati.

Sasa njoo kipindi cha likizo. Shule ileile iliyopekua mabegi inatuma kazi kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Kurasa kumi na kitu, zimepigwa picha simu ikiwa imeinama, nusu ya swali la saba imeliwa na kivuli cha mkono. Mwenye simu janja na bando anafungua, au anakwenda steshenari kuprinti. Mwenye kitochi hajui hata kama kuna kazi. Halafu kuna kundi ambalo hatulisemi: mzazi ana simu janja, lakini ndiyo ofisi yake. Inaondoka naye alfajiri kwenda sokoni, inapokea oda na miamala mchana kutwa, inarudi usiku chaji imebaki kidogo na bando limekata. Mtoto anapewa nusu saa, wadogo zake nao wanagombea katuni.

Shule ikifunguliwa, huyo ndiye anayesimamishwa mbele. Nilimsikia binti mmoja akieleza kwamba simu ya mama ilikuwa kwa fundi likizo nzima. Akajibiwa kuwa ni visingizio. Mama yake namfahamu, anauza nyanya, na simu kweli ilikuwa kwa fundi. Alikuwa anaazima ya jirani kupokea hela.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kusoma kwa simu ya mzazi kulivumilika, maana ilikuwa dharura. Juni zikafunguliwa, mtindo ukabaki.

Msimamo wangu ni kwamba kazi ikihitaji kifaa, kifaa kiwe cha shule na muda uwe wa shule. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. (Vingine vinaangalia mpira, tusidanganyane.) Intaneti si lazima iwepo kila siku. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri: unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja penye mtandao, kisha kompyuta hiyo inayagawa kwa vifaa vingine kupitia ruta ndogo, bila bando la mtu yeyote. Wanafunzi wanne kwa kishikwambi kimoja, saa moja baada ya vipindi, mwalimu akiwepo. Hapo hata yule wa laki sita anasoma sawa na wenzake. Mara nyingi kinachokwamisha si teknolojia. Chumba cha kompyuta kina kufuli, ufunguo uko kwa mkuu, na mkuu yuko semina.

Na shule ambayo haina kifaa hata kimoja? Iandike maswali ubaoni wiki ya kufunga, watoto wanakili kwenye madaftari. Inakula vipindi viwili, basi. Sisi kwa somo langu tulifanya hivyo Desemba iliyopita, na wazazi waliolalamika ni wale wenye simu.