Leseni moja, kompyuta ngapi?

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ilikuja na Windows ndani yake, na nalipia Microsoft 365 Personal. Nimenunua laptopu isiyo na mfumo wowote. Je, naweza kuweka vyote viwili humo bila kulipa tena?

JIBU: Kimoja ndiyo, kingine huenda hapana.

Microsoft 365 haina tabu. Leseni yake humfuata mtu, si mashine: sakinisha kwenye kompyuta zako zote, ila usiwe umeingia kwa akaunti yako kwenye zaidi ya vifaa vitano kwa wakati mmoja. Leseni hiyo ni yako wewe tu. Kumpa ndugu nywila yako ni kuvunja masharti. Usiichanganye na Office Home 2024 inayolipiwa mara moja, ambayo ni ya kompyuta moja.

Windows ndiyo yenye kazi. Kwenye kompyuta ya mezani fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika slmgr /dli, bonyeza Enter, kisha soma mstari wa maelezo katika kisanduku kitakachojitokeza.

Ukiona OEM_DM (na kwa mashine iliyonunuliwa na Windows yake mara nyingi ndiyo utakayoiona), leseni imefungwa kwenye bodi kuu. Badilisha diski, ongeza RAM, haidhuru. Lakini haihamii kwenye laptopu, hata ile ya mezani ikifa leo. Laptopu itahitaji leseni yake.

Ukiona RETAIL, unaweza kuihamisha, si kuigawa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi (Run as administrator), andika slmgr /upk kwenye mashine ya zamani. Kwenye laptopu, ukishasakinisha Windows, andika slmgr /ipk, acha nafasi, weka ufunguo wako wa herufi 25, halafu slmgr /ato. Wengi hukwama hapa: /upk hufuta ufunguo kwenye mashine tu, haiziarifu seva za Microsoft. Laptopu ikikataa, usirudie amri mara kumi. Wasiliana na huduma kwa wateja, ueleze kwamba umehama.

Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya nyumbani, una haki ya kutia shaka. Hiyo ni leseni ya taasisi. Mashine hutakiwa kuipata seva ya taasisi hiyo angalau mara moja kila siku 180, na isipoipata, uamilishaji (Windows kutambuliwa kuwa halali) hukatika. Ndiyo maana aliyeuziwa kompyuta ya namna hii huona mambo shwari kwa miezi, kisha ghafla anaombwa ufunguo.

SWALI: Programu iliyoandikwa “bure kwa matumizi binafsi”, naweza kuiweka kwenye kompyuta nne za ofisi yangu?

JIBU: Hapana. Neno “binafsi” linahusu kazi unayoifanyia, si idadi ya mashine, kwa hiyo hata moja ya ofisi ni kosa. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, haina sharti hilo: weka kwenye zote nne, na ya tano ikija.