Kwa anayetaka kula kwa jasho la ngoma

Ukitaka kupigia ngoma vikundi vya densi au kutungia filamu hapa Kisumu, wengi watakuhimiza ufanye mazoezi ya mikono. Fanya. Ila kitakachokurudisha kazini mara ya pili ni macho.

Nenda Kakamega utazame isukuti, densi ya jadi ya Waisukha na Waidakho, ile ambayo UNESCO iliorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu: baba, mama na mtoto. Mpigaji hodari haangalii ngozi, anaangalia mabega ya wachezaji. Mabega yakilegea, anajua wamechoka, anabadilisha mapigo kabla hawajaomba.

Wachezaji wa densi ya kisasa huhesabu hadi nane. Ngoma zetu nyingi hubeba mapigo ya tatu na ya mbili kwa pamoja, kwa hiyo pigo unaloliita "moja" linaweza lisiwe "moja" yao. Waulize siku ya kwanza. Na udai malipo ya mazoezi, kwa sababu ndiko saa zako zinakoishia, si jukwaani.

Filamu ni hesabu. Nyingi huenda fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Ukipiga mapigo 120 kwa dakika, kila pigo linachukua fremu 12. Ukishuka hadi 90, ni fremu 16. Hivyo unajua pigo lipi litaangukia mlango unapofungwa. Usifuate kila hatua ya mhusika lakini, utageuza msiba kuwa katuni. Watu wanapozungumza, weka fimbo chini utumie vidole kwenye ngoma kubwa: mlio mkali humeza maneno. Na usitunge kwa dakika na sekunde kabla mhariri hajafunga picha, yaani hajamaliza kuzikata na kuzipanga, la sivyo utatunga upya bure.

Ngozi nayo ina tabia zake. Unyevu wa jioni huilegeza, sauti inashuka. Jua au moto huikaza. Kila unaporekodi, weka kwenye simu mlio mmoja mtupu wa kila ngoma. Kesho dairekta akitaka kurudia sehemu moja, utaipasha ngozi hadi ilingane na ule wa jana.

Kuhusu mkataba: usome kabla ya kurekodi, hasa palipoandikwa hatimiliki ni ya nani. Kisha mkabidhi mtayarishaji orodha ya vipande vyako vyote, kila kimoja na jina lake, urefu wake na mtunzi. Filamu ikionyeshwa kwenye televisheni, orodha hiyo ndiyo itakayotumika kugawa mirabaha.