Dursun: jina la kumwombea mtoto abaki

Galatasaray, klabu ya soka ya Istanbul nchini Uturuki, imewahi kuwa na rais aitwaye Dursun Özbek. Dursun maana yake nini?

"Abaki." Ni kitenzi *durmak*, yaani kusimama au kukaa, kikitiwa *-sun* mwishoni. Halimsifu mtoto, linamwombea. Alipewa aliyezaliwa nyuma ya ndugu waliokufa wachanga: wazazi wameshazika wawili watatu, huyu wanamsihi asiondoke. Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Hata mwaka 1960, Uturuki ilipoteza zaidi ya watoto 200 katika kila 1,000 kabla hawajatimiza miaka 5.

Jina hili lina ndugu zake. Durmuş, "amebaki". Yaşar, "anaishi". Linalonigusa zaidi ni Satılmış, "aliyeuzwa". Vijijini mtoto aliwekewa nadhiri kwenye kaburi la walii, au "aliuzwa" kwa jirani kwa vijisenti, ili mauti yanayoiandama nyumba ile yasimhesabu kuwa wa pale. Sisi wenye kina Mashaka, Tabu na Shida tusiwashangae.

Ni jina la Kiislamu?

La, ni Kituruki kitupu, ingawa huambatana vizuri na ya dini; kina Dursun Ali wako tele. Umbo lake la zamani ni Tursun, na Asia ya Kati bado wanalitamka hivyo. Limefika mpaka kwa Watajiki, wasiosema Kituruki: mshairi wao Mirzo Tursunzoda yumo kwenye noti ya somoni 1, sarafu ya Tajikistan.

Mbona Waturuki wanalifanyia utani?

Ni kwa sababu ya vichekesho vya pwani ya Bahari Nyeusi, ambako Temel na Dursun ni marafiki wawili wasioisha vituko. Mpira nao ukaongeza chumvi. Februari 2016 beki wa Trabzonspor, klabu ya pwani hiyo hiyo, Salih Dursun (kwake ni jina la ukoo), alimpokonya refa kadi nyekundu akamwonyesha refa mwenyewe. Akatolewa, na timu ikamaliza mechi na watu saba.

Mume wangu ni Mturuki, tunatarajia mtoto wa kiume. Tumwite Dursun?

Kama babu yake aliitwa hivyo, mpeni. Mjukuu kurithi jina la babu ni desturi ya huko pia. Kama hakuna babu Dursun, ningesita. Siku hizi ni jina la wazee, na shangazi za mumeo huenda wakaulizana chini chini kama kuna mtoto mliyempoteza.