Nimwambie nini binti yangu kuhusu bendera?

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mhariri. Nimeishi Ujerumani miaka 14, na sasa nimerudi Mombasa kwa muda pamoja na binti yangu wa miaka tisa aliyezaliwa huko. Kila Jumatatu shuleni kwake bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa, jambo ambalo kule alikosoma hakulikuta. Ameniuliza kwa nini watu wa hapa wanaipenda bendera yao, ilhali majirani zetu wa kule huona haya kuitundika yao dirishani. Sikuwa na jibu, na ami yangu akazidi kunitatiza aliposema kwamba bendera aliyoikuta yeye utotoni ilikuwa nyekundu tupu. Nimwambie nini?
Mama wa Kibokoni

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Anza na hao majirani, kwa sababu mtoto asije akadhani kwamba hawaipendi nchi yao. Mwaka 1935 utawala wa Hitler uliifanya bendera ya swastika kuwa ndiyo pekee ya taifa, na chini yake wakauawa mamilioni ya Wayahudi na watu wengine. Aliyelelewa na wazee wenye kumbukumbu hiyo hawezi kupunga bendera kwa wepesi, hata hii ya nyeusi, nyekundu na dhahabu ambayo Hitler mwenyewe aliiondoa. Wengi waliipeperusha bila wasiwasi mwaka 2006, Kombe la Dunia lilipochezwa kwao. Haya yao mimi naiheshimu sana.

Yetu ilipanda usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, nyeusi kwa ajili ya wananchi, nyekundu kwa damu iliyomwagika, kijani kwa ardhi, na mistari myeupe ya amani. Walioishuhudia bado tunao, ndiyo maana mapenzi yake yangali mabichi. Nikiwa mdogo nilimwona hamali mmoja, filimbi ya saa kumi na mbili jioni ilipolia kituo cha polisi, akisimamisha mkokoteni wake mteremkoni, mitungi ya maji imejaa pomoni, akauzuia kwa goti mpaka bendera ikashuka na kukunjwa. Hapakuwa na askari aliyemtazama.

Asemayo ami yako ni kweli. Ukanda huu wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ambao Waingereza waliutawala kwa mkataba wa 1895 huku wakimlipa kodi, na bendera yake nyekundu ikapepea Fort Jesus hadi 1963. Kuikumbuka si uasi. Ila binti yako ajue pia kwamba mji huu una wajukuu wa watumwa, ambao babu zao waliiona bendera hiyohiyo kwa jicho jingine, nao ni wenyeji wa Mombasa kama ami yako.

Kwa hiyo Jumatatu asimame wima pamoja na wenzake, na akirejea Ujerumani asimdharau asiyetundika chochote dirishani. Ningependa zaidi umpeleke Fort Jesus Jumamosi moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, ukiwa na ami yako, amwonyeshe ilikopepea ile nyekundu na amweleze alikuwa wapi yeye siku iliposhushwa. Wewe kaa kando, umwachie mzee aseme.