Maumivu ya nyonga yasiyoonekana kwenye picha

*Shangazi,*
*Shikamoo. Nina miaka 32 na mtoto mmoja. Huu ni mwaka wa nne nasumbuliwa na maumivu chini ya kitovu. Mwanzoni yalikuja na hedhi tu, sasa yananiandama hata siku za kawaida, na tendo la ndoa limegeuka adhabu. Nimepigwa ultrasaundi mara tatu, kila mara naambiwa sina kitu. Nimemeza dozi tano za antibaiotiki bila nafuu. Daktari wa mwisho alisema nina mawazo tu. Mume wangu anadhani namkwepa, na wifi yangu ananishauri nizae tena au nitoe kizazi, yaishe. Vikao vya kazini navimaliza nikiwa nimekalia paja moja. Je, maumivu haya nayatunga mwenyewe?*
*Mchovu*

Marahaba, mwanangu.

Hapana, huyatungi. Ultrasaundi huonyesha uvimbe wa kizazi, maji yaliyojikusanya kwenye ovari na mengine ya namna hiyo, lakini mabaka membamba, makovu yaliyogandisha viungo, misuli iliyokaza na neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizochokozwa kwa kawaida haviwezi kuonekana humo. Kwa hiyo ulipoambiwa kwamba huna kitu, ulipaswa kuambiwa kwamba yale yanayoonekana kwa picha hayapo, na utafutaji uendelee mahali pengine. Maumivu ya sehemu hiyo yakishapita miezi sita, huitwa maumivu sugu ya nyonga, nayo mara nyingi huwa na mizizi zaidi ya mmoja. Mtaani wengi huyaita chango, neno ambalo limekuwa gunia la kutupia kila kiumacho mwanamke chini ya kitovu, na ndani ya gunia hilo ndimo wengi wanamopotelea.

Ulivyosimulia kwamba yalianza na hedhi kisha yakamwagikia siku nyingine, mimi ningeomba daktari aichunguze endometriosi kwanza. Katika hali hiyo, tishu inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota mabaka nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo au kibofu, ikawa inawaka na kuacha makovu. Si ugonjwa wa nadra: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ushauri wa kuzaa ili upone uuache, kwa sababu mimba yaweza kuyatuliza maumivu kwa muda, lakini si tiba. Kutoa kizazi kuna wanaofaidika nako. Hata hivyo, mabaka yaliyo nje ya kizazi na misuli iliyokaza hubaki palepale, na huo si uamuzi wa kufanya kabla chanzo hakijajulikana.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiandika mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, ile ya kukalia paja moja. Chini kabisa ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama chandarua, inayobeba kibofu, kizazi na puru, na mwili ukiumwa misuli hiyo hujibana bila wewe kuiamuru. Kunja ngumi uibane kwa nguvu dakika mbili, kisha ujaribu kuandika jina lako: vidole vitakuwa vizito na vitauma, ilhali mkono hauna jeraha lolote. Misuli iliyojibana hivyo kwa miaka minne huuma unapoketi na unapokojoa, na huuma sana wakati wa tendo la ndoa. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga za wanawake, akufundishe kuilegeza. Yale mazoezi ya kubana misuli ya uke, ambayo siku hizi hupendekezwa kwa kila mwanamke na kila tatizo, kwako yanaweza kuzidisha maumivu, basi usiyaanze kabla hujapimwa.

Neva nazo hubadilika. Nyumba iliyowahi kuvunjwa na wezi, paka akipita juu ya bati tu mwenyewe hushtuka, na neva zilizoumizwa kwa muda mrefu nazo hupiga kelele kwa jambo dogo, hasa mtu akikosa usingizi au akiwa na wasiwasi. Kama daktari wako alikusudia hilo aliposema una mawazo, alilieleza vibaya.

Kwa mizunguko miwili ijayo, andika kila jioni maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10, yalikuwa wapi, na kama uliumwa ulipokojoa, ulipoenda haja kubwa au ulipokutana na mumeo. Peleka daftari hilo kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, umuulize kama mnaweza kujaribu dawa za homoni kwanza, au kama kuna haja ya kuchungulia ndani ya tumbo kwa upasuaji wa matundu madogo. Dozi ya sita ya antibaiotiki usiipokee kabla hujapimwa, mkojo ukaoteshwa maabara kuona kama una vijidudu, na daktari akakueleza maambukizi anayoyatibu.

Wakati unasubiri, ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa siku moja kabla ya damu, baada ya kula. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au mimba. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa husaidia. Jioni lala chali, miguu ikiwa juu ya kiti, mkono chini ya kitovu, uvute pumzi hadi mkono uinuke, uitoe taratibu huku ukiacha sehemu za chini zilegee kama mtu anayeanza kukojoa. Dakika 10 zinatosha.

Usisubiri miadi ukipata maumivu makali ya ghafla, homa, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu ya upande mmoja huku hedhi imechelewa. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa nayo ipelekwe hospitali mapema.

Kuhusu mumeo, usivumilie tendo linalokuumiza ili kumthibitishia mapenzi, kwa kuwa misuli hujifunza kuliogopa na safari inayofuata hujibana zaidi. Mwambie mnaacha kuingiliana kwa muda, lakini mtaendelea kuwa karibu kwa njia zisizouma, na umwombe mwende pamoja kwa daktari. Ikiwa maneno yatakukwama, mpe jibu hili asome, na mwanzoni kabisa umwambie akunje ngumi.