Msome Jaji Kabla Hujasimama Mbele Yake

Shauri likishapangiwa jaji, jina lake linaonekana kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na kwenye orodha ya mashauri ya wiki. Mawakili wapya wengi wakishaliona huenda kwenye korido kuulizana, "Huyu ni mkali?" Jibu la swali hilo halikusaidii kuandika hata aya moja ya hati ya kiapo. Ulizia mambo matatu: jaji huyu anataka nini kiwe mezani, anakitaka kwa mpangilio gani, na huamua nini kinapokosekana. Majibu yake ameyaandika mwenyewe, na yanasomwa bure.

Anza na tovuti ya TanzLII, ambako Mahakama huweka hukumu na maamuzi yake. Tafuta kwa jina la jaji, usitafute kwa masjala, yaani kituo cha Mahakama Kuu. Majaji huhamishwa: aliyeko Dodoma leo huenda jana alikuwa Songea, Bukoba au Divisheni ya Ardhi, na sehemu kubwa ya maandishi yake iko huko. Jaribu tahajia zaidi ya moja ya jina, na herufi za mwanzo pia. Maamuzi ya Mahakama Kuu yana alama TZHC, ya Mahakama ya Rufani TZCA.

Kumi na tano yanatosha kwa kuanzia. Chukua matano ya aina ya shauri lako, matano ya maombi madogo (kuongezewa muda, kusimamisha utekelezaji, pingamizi la awali), na matano ya miezi kumi na miwili iliyopita bila kujali aina. Usiyadharau yale madogo. Hukumu ya mwisho huongozwa na ushahidi wa shauri lile, lakini uamuzi wa kurasa sita juu ya pingamizi unakuonyesha jinsi jaji anavyolitazama kosa la utaratibu, na hapo ndipo mashauri ya mawakili wapya hufia.

Kila uamuzi usome kuanzia pembeni. Maamuzi mengi ya Mahakama Kuu huonyesha tarehe ya amri ya mwisho na tarehe ya hukumu. Hesabu siku kati yake, utajua mteja wako umwambie asubiri kwa muda gani. Angalia kama shauri lilisikilizwa kwa mdomo au kwa hoja za maandishi. Jaji anayependelea maandishi atakupa ratiba siku hiyohiyo, na kutowasilisha hoja ulizoamriwa huchukuliwa kama kutofika siku ya kusikilizwa. Kwa hiyo ingia ukiwa na shajara yako wazi, usikubali siku saba kama unajua shahidi wa kiapo yuko Mpwapwa na mtandao unamsumbua.

Kuongezewa muda ndiko kunakofaa kusomwa kwa makini kuliko kote. Vigezo vyote majaji wanavitoa sehemu moja, ombi la Lyamuya Construction namba 2 la mwaka 2010 katika Mahakama ya Rufani: eleza muda wote wa kuchelewa, usiwe wa kupita kiasi, onyesha bidii, au onyesha kasoro ya kisheria yenye uzito katika uamuzi unaoulalamikia. Majaji wote watavinukuu. Wanachotofautiana ni kina cha hesabu. Chukua kiapo kinachosema nakala ya hukumu ilipatikana tarehe 28 Machi, mwombaji akalazwa tarehe 2 Aprili, akaruhusiwa tarehe 20 Aprili, ombi likafunguliwa tarehe 19 Mei. Cheti cha hospitali kimeambatanishwa, wakili ameridhika. Lakini kuanzia tarehe 21 Aprili hadi tarehe 18 Mei kuna siku 28 ambazo hakuna aliyezisemea neno, na kabla ya kulazwa kuna siku nne nyingine. Jaji mmoja ataangalia ugonjwa kwa ujumla wake. Mwingine atachora kalenda ndani ya uamuzi, na siku hizo 28 zitaliangusha ombi. Ukishaona kwamba wako ni wa kalenda, andika kiapo kwa jedwali la tarehe, kila pengo na sababu yake, kila sababu na kiambatisho chake. Usingoje kueleza ukiwa umesimama, maana maelezo ya wakili si ushahidi.

Kwa Dodoma, migogoro ya viwanja ina mtego wake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilivunjwa mwaka 2017 na shughuli zake zikahamia kwa Halmashauri, kwa hiyo mteja mwenye hati au barua ya zamani ya CDA mara nyingi anajikuta akiidai Halmashauri ya Jiji. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kuishtaki halmashauri kunadai taarifa ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Kosa likitokea, soma jaji wako hufanya nini: huliondoa shauri mahakamani ili ulirudishe likiwa limekamilika, huruhusu marekebisho, au hulitupilia mbali? Tofauti ya kuondoa na kutupilia mbali si ya maneno. La kwanza linarudi, la pili kwa kawaida halirudi isipokuwa kwa rufaa au njia nyingine ya kisheria. Ukigundua kasoro mwenyewe kabla ya upande wa pili, omba kuliondoa shauri mapema, ukiwa na uamuzi wa jaji huyo unaoonyesha aliwahi kuruhusu hivyo bila gharama.

Wengi huegemea kanuni ya lengo kuu, iliyoingizwa kwenye sheria za mwenendo mwaka 2018, inayotaka haki itolewe bila kufungwa na ufundi usio na maana. Ni kanuni njema. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imesema mara kadhaa kwamba haiwezi kutumika kuvuka masharti ya lazima yanayogusa mzizi wa shauri. Kwenye maandishi ya jaji wako tafuta mahali alipoikataa, siyo alipoikubali tu. Pale alipoikataa ndipo mpaka wake ulipo. Na kama wewe ndiye unayeweka pingamizi, kumbuka kipimo cha shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969: liwe hoja tupu ya sheria. Jaji akiwa na desturi ya kuyakataa mapingamizi yanayohitaji ushahidi, lako la namna hiyo litakuchosha bure na kumpa picha mbaya ya kazi yako.

Baada ya kusoma, nenda ukakae. Mahakama ni ya wazi. Kaa benchi la nyuma asubuhi moja ya mashauri ya kutajwa na siku moja ya ushahidi. Angalia kama jaji anaandika kwa mkono au anachapa, na shahidi wako umzoeze kungoja kalamu isimame ndipo aendelee. Swali refu lenye vipande vitatu linaingia kwenye kumbukumbu likiwa kipande kimoja. Sikiliza lugha: tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, ila hoja za kisheria na hukumu nyingi bado huja kwa Kiingereza, na kila chumba kina mazoea yake.

Tazama kwa karibu zaidi vielelezo vinavyopokelewa. Msimamo wa Mahakama ya Rufani tangu mwaka 2003 ni kwamba hati huandaliwa kwanza kwa shahidi kuitambua na kueleza ilivyomfikia, kisha huombwa ipokelewe, na ikishapokelewa husomwa kwa sauti. Wapo majaji wanaokukumbusha hatua ya tatu, wapo wanaokuacha. Ukisahau mbele ya anayekuacha, hati itakuwepo kwenye jalada lakini kwenye rufaa huenda ikaondolewa.

Kwa mahakimu wa wilaya na mkoa, maamuzi yao mengi hutayapata mtandaoni. Ipo njia ya kuzunguka: tafuta rufaa za Mahakama Kuu zinazotaja mahakama yao, Kondoa, Manyoni au kwingineko, na usome jaji anavyosimulia kilichotokea chini. Majina ya mahakimu hayatajwi kila mara, ila tarehe zitakusaidia.

Utafiti huu huharibika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutumia uamuzi uliopitwa. Kabla ya kuunukuu, tafuta kama ulikatiwa rufaa, na hakikisha vifungu, kwa sababu Toleo la Sheria lililorekebishwa la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Ya pili ni kumrudishia jaji maneno yake kama mashtaka. Hafungwi na uamuzi wake mwenyewe wala wa jaji mwenzake, anafungwa na Mahakama ya Rufani. Sema "Mahakama hii iliwahi kuamua," kisha onyesha ukweli wa shauri lile unafanana wapi na lako.

Masjala unaweza kuuliza chumba, saa, na idadi ya nakala. Msaidizi wa jaji usimuulize jaji analionaje shauri, hata kwa utani, hata kama mlisoma pamoja UDOM. Ombi la kumtaka jaji ajitoe nalo lina mipaka: Mahakama ya Rufani imetaja uhasama uliothibitishwa kati yake na mdaawa, uhusiano wa karibu na upande mmoja, au masilahi yake au ya familia yake katika matokeo. Kushindwa mara tatu mbele yake hakumo, na mteja mueleze hivyo kabla hajakushinikiza.

Yote uliyoyaona yabane kwenye ukurasa mmoja: muda wa hukumu, mdomo au maandishi, msimamo juu ya pingamizi, vielelezo, lugha. Weka tarehe juu yake. Shauri likihamishiwa kwa jaji mwingine, au kwa hakimu mkazi mwenye mamlaka ya ziada, ukurasa huo ubaki kwenye faili na uanze mwingine siku hiyohiyo, kabla ya tarehe ya kutajwa.